Neno la Tabibu na Usingizi wa Askari: Nafasi ya Lugha katika Kuchagua na Kudumisha Tiba ya Kukatika Pumzi

Utangulizi

Mazungumzo baina ya tabibu na mgonjwa ni uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili wamewaachia watu wa tiba kwa muda mrefu. Hali hii imetokana na dhana kwamba dawa ndiyo iponyayo, na lugha ni chombo tu cha kuielezea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa yapo maradhi ambayo tiba yake hutegemea maneno sawasawa na inavyotegemea vifaa. Maradhi yanayojadiliwa ni kukatika pumzi usingizini, na wagonjwa wanaotolewa mfano ni askari wastaafu wa Marekani.

Mfano huu umeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, askari hao huhudumiwa na Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu, mojawapo ya mifumo mikubwa ya hospitali nchini humo, yenye watu takribani milioni 9 waliojisajili. Kukatika pumzi usingizini ni miongoni mwa maradhi yanayopatikana kwa wingi kati yao. Pili, tiba kuu ya maradhi haya haitolewi na daktari kwa sindano. Mgonjwa hujitibu mwenyewe kila usiku, chumbani mwake, bila msimamizi. Tatu, Kiswahili kimo katika kisa hiki. Mnamo mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016, lakini waliopitia humo ni watu ambao huota, huugua na husimulia kwa Kiswahili.

Mjadala unaongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987), inayoeleza jinsi wasemaji wanavyolinda hadhi, au uso, wa wenzao. Wa pili ni mawazo ya Arthur Frank (1995) kuhusu namna wagonjwa wanavyosimulia maradhi yao.

Maradhi na Historia ya Jina Lake

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kiasi cha njia ya hewa kuziba. Kifua huendelea kujitahidi kuvuta pumzi, lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mlalaji huzinduka kidogo, koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, kisha usingizi hurejea na mzunguko huanza upya. Pumzi huhesabiwa kuwa imekatika iwapo imesimama kwa sekunde 10 au zaidi. Wataalamu huhesabu idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au kupungua sana kwa saa moja: mara 5 hadi 14 ni hali hafifu, 15 hadi 29 ni hali ya wastani, na 30 kuendelea ni hali kali. Asubuhi mgonjwa huamka amechoka, na mchana husinzia kazini au kwenye usukani. Aidha, maradhi haya yanahusiana na shinikizo la damu na matatizo ya moyo.

Fasihi iliyaona maradhi haya kabla ya tiba. Katika riwaya ya Charles Dickens iitwayo The Pickwick Papers, iliyochapishwa kwa sehemu kati ya mwaka 1836 na 1837, yumo kijana mnene aitwaye Joe ambaye husinzia hata akiwa kazini, na hukoroma. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walipoeleza hali ya mgonjwa mnene aliyekuwa akisinzia ovyo, waliichukua riwaya hiyo na kuipa hali hiyo jina la Pickwick. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyaeleza maradhi ya kukatika pumzi usingizini kwa mapana yake. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza tiba ya kusukuma hewa puani kwa mfululizo ili koo lisizibe.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba Joe ni mhusika wa kuchekesha. Jina lililotokana naye liliingia hospitalini likiwa na kicheko ndani yake. Kicheko hicho hakijaisha. Anayekoroma hutaniwa, anayesinzia mkutanini huitwa mvivu, na mnene huambiwa ajilaumu mwenyewe. Kwa askari, ambaye hadhi yake ilijengwa juu ya ukakamavu na kukesha lindoni, kukiri kuwa anasinzia mchana ni kuuvua uso wake mbele ya mgeni. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema kuwa kufichua ni kazi rahisi.

Tatizo la Istilahi katika Kiswahili

Mkalimani au muuguzi anayemweleza mzungumzaji wa Kiswahili maradhi haya hukumbana na uteuzi wa maneno kabla ya uteuzi wa tiba. Njia ya kwanza ni utohozi: apnea, neno la Kigiriki lenye maana ya kutokuwa na pumzi. Utohozi una ufupi, lakini haumwambii mgonjwa lolote. Njia ya pili ni kutumia neno kukoroma. Neno hili linajulikana na wote, ila linapotosha, kwani si kila akoromaye ana maradhi haya. Isitoshe, Kiswahili humsifu mlalaji mzito kwa kusema ana usingizi wa pono, au amelala fofofo. Mke anayesikia mkoromo anaweza kudhani mumewe amepumzika vyema, ilhali anapigania hewa.

Njia ya tatu ni kusema kukosa pumzi, maneno ambayo huchanganywa na pumu. Njia ya nne, inayofuatwa na makala haya, ni kukatika pumzi usingizini. Ubora wake umo katika mofolojia. Kitenzi kukata kinahitaji mtendaji, na kukata roho ni kufa. Kukatika, kwa upande mwingine, kimo katika kauli ya kutendeka: jambo linatukia bila mtu kulitenda, kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa. Zaidi ya hayo, umeme hukatika ukarudi, na mvua hukatika ikanyesha tena. Kwa silabi moja, lugha humwondolea mgonjwa lawama na kumwachia tumaini.

Neno jingine lenye uzito ni jinamizi. Mtu azindukaye usiku akihisi kukabwa huambiwa na wenyeji wa pwani na bara kuwa amekaliwa na jinamizi. Askari aliyetoka vitani ana majinamizi ya kweli ya ndoto, na huenda akahusisha kila mzinduko wake na vita. Kitabibu, hali hizi mbili zaweza kuishi katika mtu mmoja. Msikilizaji makini hupaswa kuuliza: unazinduka kwa sababu ya ulichokiona ndotoni, au kwa sababu hewa imekwisha?

Jina la mashine nalo linahitaji uangalifu. Ikiitwa mashine ya kupumulia, msikilizaji wa Afrika Mashariki hukumbuka habari za mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ambapo mashine za kusaidia kupumua zilitajwa pamoja na vyumba vya wagonjwa mahututi na vifo. Kumbe mashine hii haipumui kwa niaba ya mtu. Hupuliza hewa tu ili kulishika koo lisifunge. Jina kisukuma hewa lingefuata mtindo wa kipaza sauti, lakini lingemfikisha msomaji kwa lugha ya Wasukuma kabla ya kumfikisha kwa hewa. Makala haya yanapendekeza kipuliza hewa.

Kuchagua: Amri au Ushauri?

Tiba ziko kadhaa. Kipuliza hewa ndicho kinachotangulizwa katika hali ya wastani na hali kali. Kipo kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno, ambacho huivuta taya ya chini mbele. Wapo ambao pumzi hukatika zaidi wakilala chali, na hao husaidiwa kwa kulala ubavu. Kupunguza uzani na kuacha pombe kabla ya kulala huwasaidia wengi. Upasuaji wa koo upo. Tangu mwaka 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeruhusu pia kifaa kinachopandikizwa mwilini na kuigutusha neva ya ulimi ili ulimi usizibe njia ya hewa. Desemba 2024 mamlaka hiyo iliidhinisha tirzepatidi, dawa ya kudungwa, kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia na hali ya wastani au kali ya maradhi haya.

Swali la kiisimu ni hili: orodha kama hiyo iwasilishweje? Brown na Levinson wanatofautisha haja mbili za uso: haja ya kuthaminiwa na haja ya kutoingiliwa. Amri huingilia. Yawezekana mtu akafikiri kuwa askari, aliyezoea amri, ataitikia amri ya daktari upesi kuliko raia. Hoja hii ina udhaifu. Amri ya jeshini hutekelezwa mbele ya kamanda na miongoni mwa wenzi. Saa nane za usiku, barakoa ikiwa imebana uso na pua imekauka, hakuna kamanda. Kinachobaki ni sababu ambazo mgonjwa alizikubali mwenyewe alipochagua.

Ushauri wa kweli, hata hivyo, hautengwi na ukweli wa habari. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliohusisha washiriki zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, yalionyesha kuwa kipuliza hewa hakikupunguza matukio kama mshtuko wa moyo na kiharusi, ingawa kilipunguza usinziaji na kuboresha maisha. Washiriki walikitumia kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Mshauri anayemtisha mgonjwa kwa kiharusi peke yake anaahidi zaidi ya anachoweza kutoa. Anayemuuliza kama angependa kuendesha gari bila kusinzia, au kukaa macho hadi mwisho wa hadithi anayomsomea mwanawe, anaahidi jambo lililo karibu zaidi na ushahidi na lililo karibu zaidi na moyo.

Imani nayo hujengwa kwa ukweli. Juni 2021 kampuni moja kubwa iliagiza mamilioni ya mashine zake zirejeshwe kwa kuwa sponji iliyokuwa ndani yake ingeweza kumomonyoka na kuvutwa na mtumiaji. Askari wengi walikuwa wakizitumia. Mgonjwa aliyeambiwa kila mara kuwa mashine haina dosari alipata sababu ya kuitupa pamoja na maneno ya aliyemwambia.

Kudumu na Tiba: Nani Anasimulia?

Lugha ya hospitali ina neno la kumpima mgonjwa kama anatumia tiba. Likitafsiriwa kuwa utiifu, mgonjwa huwa kuruta na daktari huwa sajini. Katika huduma za dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, Waswahili wamezoea neno ufuasi, na wengine husema kushikamana na dawa. Kushikamana kuna pande mbili, nalo ndilo lifaalo hapa. Medicare, bima ya umma ya wazee nchini Marekani, huhesabu kuwa mgonjwa anatumia mashine ipasavyo akiitumia angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku 30 zinazofuatana, ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hakielezi kwa nini usiku fulani mashine ilizimwa.

Hapa ndipo fasihi inapoweza kuchangia. Frank anaainisha masimulizi ya wagonjwa katika aina tatu: simulizi ya kurejea afya, simulizi ya vurugu na simulizi ya safari. Katika ya kwanza, mtu huugua, hutibiwa, hupona, na kisa huisha. Wagonjwa wengi hupokea kipuliza hewa wakitarajia kisa hicho. Kwa bahati mbaya mashine haiponyi. Ikiachwa, koo huziba tena. Asiyeambiwa hivyo mapema huona baada ya wiki chache kuwa amedanganywa. Simulizi ya vurugu haina mpangilio: ndoto za vita, usingizi haba, ugomvi wa nyumbani na madeni huja pamoja. Askari wenye mfadhaiko utokanao na kiwewe cha vita huelekea kukitumia kipuliza hewa kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Ndiyo maana mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2019 na Idara ya Askari Wastaafu pamoja na Wizara ya Ulinzi ulishughulikia usingizi haba na kukatika pumzi kwa pamoja. Simulizi ya safari ni ya anayekubali kuwa hali haitaondoka, akajifunza kutembea nayo. Mshauri hawezi kumtungia mgonjwa simulizi hii. Anaweza tu kumpa nafasi ya kuianza.

Kuna upekee mwingine ambao Frank hakuushughulikia, nao unahusu nafsi ya usimulizi. Katika maradhi mengi, mgonjwa ndiye msimulizi wa nafsi ya kwanza. Katika haya, mhusika mkuu amelala wakati kisa kinatendeka. Hajui kuwa alikoroma, hajui kuwa alinyamaza, hajui kuwa alizinduka mara 40 kwa saa. Msimulizi ni mwenzi wa kitandani, anayehesabu kimya cha pumzi gizani akingoja irudi. Ushahidi wake hupokewa na mhusika kama tuhuma: "Mimi sikoromi." Askari anayeishi peke yake hana msimulizi kabisa. Mashine za siku hizi, zinazotuma takwimu za kila usiku kwa daktari, zimekuwa msimulizi wa tatu, ajuaye saa zote lakini asiyejua sababu hata moja. Kuwakutanisha wasimulizi hawa, yaani mwenzi, mashine na mgonjwa mwenyewe, ni kazi ya lugha.

Mfano wa Mazungumzo

Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mjadala. Mgonjwa ni askari mstaafu mzaliwa wa Kenya anayeishi Marekani. Muuguzi ni Mkenya mwenzake.

Mazungumzo ya kwanza:

Muuguzi: Kaka, kompyuta inaonyesha hujaitumia mashine kwa siku kumi. Unajua hatari yake?
Mgonjwa: Najua, dada. Nitajaribu.
Muuguzi: Usijaribu, itumie. Tuonane baada ya mwezi.
Mgonjwa: Sawa. Asante sana.

Mazungumzo ya pili:

Muuguzi: Karibu, kaka. Naona wiki hizi mbili zimekuwa ngumu. Ukifika wakati wa kulala, huwa inakuwaje?
Mgonjwa: Nisikufiche, dada. Nikiivaa naona uso wote umefungwa. Ni kama narudi kule. Naivua kabla sijapata hata lepe la usingizi.
Muuguzi: Kwa hivyo si kwamba umeipuuza. Ukifunikwa uso, unarudi vitani.
Mgonjwa: Ndivyo. Na mama watoto akiamka akaniona sina, ananuna, anahamia sebuleni.
Muuguzi: Kumbe naye ana wasiwasi. Ipo barakoa ndogo ya puani inayoacha uso wazi. Wengine huanza kwa kuivaa mchana wakiwa macho, wakitazama televisheni, hadi uso uizoee. Wewe ungependa tuanze na lipi?
Mgonjwa: Hiyo ya puani. Na siku ya kuijaribu, nitakuja na mama watoto.

Katika mazungumzo ya kwanza, "nitajaribu" na "sawa" si ahadi. Ni maneno ya adabu ya kufunga mlango. Mgonjwa amelinda uso wake na wa muuguzi, na mashine itabaki chini ya kitanda. Katika ya pili, muuguzi anaanza kwa swali lililo wazi, kisha anarudia alichosikia kwa maneno yake, bila hukumu. Mbinu hizi zinajulikana katika usaili wa kuhamasisha, ulioasisiwa na William Miller mwaka 1983 na kuendelezwa pamoja na Stephen Rollnick. Neno "kumbe" linamgeuza mke kutoka mlalamikaji kuwa mwenye kujali. Uteuzi unatolewa baada ya sababu kujulikana, na uamuzi unatoka kinywani mwa mgonjwa. Taarifa ya kitabibu imetolewa katika mazungumzo yote mawili. Kilichotofautiana ni nani aliyeachiwa nafasi ya kusema.

Ni kweli kuwa mazungumzo ya pili ni marefu zaidi, na muda wa kliniki ni haba. Hata hivyo, siku na wiki za mwanzo ndizo zinazoashiria kama mgonjwa atadumu. Dakika chache za mwanzo ni nafuu kuliko mashine iliyonunuliwa ikakaa bure.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa askari mstaafu mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini anahitaji mambo mawili: kifaa kinachomfaa na maneno yanayomwezesha kukichagua na kukaa nacho. Jina la maradhi laweza kumlaumu au kumwondolea lawama. Jina la mashine laweza kumtisha au kumtuliza. Amri huishia mlangoni mwa kliniki, na uteuzi aliouelewa huandamana naye hadi kitandani.

Kutokana na mjadala huu, yanatolewa mapendekezo matatu. Kwanza, wanafunzi wa isimu wachunguze istilahi za maradhi ya usingizi kwa kuzisikia vinywani mwa wagonjwa na wenzi wao, badala ya kuzitunga mezani pekee. Pili, wanafunzi wa fasihi wayachukulie masimulizi ya wagonjwa kuwa matini zinazostahili uhakiki wa nafsi, mtazamo na ukimya. Tatu, mafunzo ya ukalimani wa hospitali yahusishe pragmatiki, ili mkalimani ajue tofauti ya "sawa" ya kukubali na "sawa" ya kuaga.

Kwa yule mke ahesabuye kimya cha pumzi gizani, suala hili si la nadharia. Anachongoja ni pumzi irudi, na asubuhi apate mtu wa kumsikiliza akieleza alichosikia.